Mtoto mmoja asipewe majina matatu

Siku chache zilizopita alifika ofisini kwetu hapa Wete bibi mmoja mtu mzima, aliyevuka alfajiri kwa mashua kutoka kisiwa cha jirani, amemshika mkono mjukuu wake wa kiume wa miaka saba. Hakuja kuomba fedha, wala hakuja kumshitaki mtu. Alikuja na karatasi tatu alizozifunga ndani ya kitambaa, akataka asomewe. Ya kwanza, ya wakati mtoto ana miaka mitatu, inasema kwamba hasikii. Ya pili, ya miaka miwili baadaye, inasema ana ulemavu wa akili. Ya tatu, ya mwaka huu, inasema ana usonji. Tulipomaliza kusoma akanyamaza kidogo, kisha akatuuliza: "Wanangu, kwani huyu ni watoto wangapi?"

Swali la bibi huyu si la kuchekwa. Hapana shaka kwamba kila aliyeandika karatasi yake aliandika kwa nia njema na kwa kadiri ya alichokiona. Mmoja alimwita mtoto mara tano, mtoto hakugeuka, naye akaandika hasikii. Mwengine alimpa vijiti avihesabu, mtoto akavirusha, naye akaandika akili ni dhaifu. Kila mmoja alikuwa peke yake chumbani, ana robo saa mkononi, na foleni ya wagonjwa inamsubiri nje ya mlango. Kosa, kwa rai yetu, halimo mikononi mwao. Limo katika kuiachia kazi ya watu watano ifanywe na mtu mmoja.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba usonji si maradhi ya kuambukiza, si wazimu, wala si adhabu ya dhambi ya mzazi. Ni hali ya ukuaji wa ubongo inayojidhihirisha katika miaka ya mwanzo ya uhai wa mtoto na kuendelea naye ukubwani. Daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, ndiye aliyeiandika kwa ufafanuzi mwaka 1943, alipoeleza habari za watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3. Na mwaka uliofuata Hans Asperger wa Vienna akaeleza watoto wanaofanana nao. Tangu hapo vitabu vya madaktari vimebadilika mara nyingi, lakini miongozo inayotumika leo, wa madaktari wa maradhi ya akili wa Marekani uliotolewa 2013 na ule wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika 2022, inakubaliana juu ya mambo mawili. La kwanza ni uzito wa mtoto katika kushirikiana na kuwasiliana na watu, kwa maneno na bila ya maneno. La pili ni kushikamana kupita kiasi na jambo au mwendo ule ule mmoja, pamoja na kuudhika au kuvutiwa mno na sauti, mwanga, harufu au mguso.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja katika kila watu 127 duniani alikuwa na usonji. Sensa ya 2022 ilihesabu katika Pemba watu zaidi ya 543,000. Hata msomaji mwenye shaka akilikata kadirio hilo nusu nzima, bado tunazungumzia watu zaidi ya elfu mbili katika kisiwa hiki. Wako wapi? Wengine wamo madarasani, wanaitwa wakaidi. Wengine wamo vyumba vya ndani, na mgeni akibisha hodi mlango hufungwa.

Ugumu wa jambo lenyewe uko hapa. Malaria ina tone la damu, kifua kikuu kina makohozi na picha ya kifua, kisukari kina kipimo chake. Usonji hauna damu ya kupimwa wala picha ya kupigwa. Unatambuliwa kwa kumtazama mtoto anavyoishi, na kwa kumsikiliza aliyemlea. Ndiyo maana katika nchi zenye uzoefu wa kazi hii jambo hukabidhiwa jopo: daktari wa watoto au wa maradhi ya akili, mwanasaikolojia, mtaalamu wa lugha na matamshi, na mara nyingi mtaalamu anayetazama namna mtoto anavyotumia mwili wake katika shughuli za kila siku, pamoja na taarifa ya mwalimu. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2011 juu ya watoto unasisitiza jopo la namna hii, na unawakataza wataalamu kuegemea kipimo kimoja tu cha karatasi.

Tuwaeleze wasomaji kazi hiyo inavyokwenda, maana wazazi wengi huitazamia kama wanavyoutazamia mtihani wa damu: uingie, udungwe, upewe jibu.

Jopo huanza na masikio. Mtoto asiyesikia hageuki akiitwa, na mtoto mwenye usonji naye aghalabu hageuki akiitwa. Kwa nje ni kitu kimoja. Mama makini ataona tofauti, kwamba huyu asiyeitikia jina lake hutoka mbio chumba cha pili mara tu asikiapo kifuniko cha sufuria kikifunuliwa. Lakini uamuzi haufanywi kwa sufuria, wala kwa kupiga makofi nyuma ya kichwa cha mtoto, kwani asiyesikia huweza kuuhisi upepo wa kofi au kuona kivuli cha mkono. Masikio hupimwa kwa chombo. Vivyo hivyo daktari huuliza kama mtoto alichelewa kulia alipozaliwa, kama alipata umanjano mkali, degedege au kifafa. Hujiuliza pia kama mtoto amechelewa katika mambo yote sawasawa, kutembea, kula, kuvaa na kusema, au amechelewa zaidi katika kuwaelekea watu. Na hapa ndipo karatasi za bibi yetu zinapoweza kupatana: mtoto mmoja huweza kuwa na usonji na pia ulemavu wa akili, na pia masikio mabovu. Jina moja haliyafukuzi mengine.

Baada ya mwili huja historia, na hii ndiyo sehemu ndefu. Yako mahojiano ya mzazi yenye maswali zaidi ya 90, na kuyamaliza huchukua saa mbili. Wanaouliza hawatosheki na neno "amechelewa kusema". Wanataka kujua alianza lini kuonyesha kitu kwa kidole, na alionyesha kwa ajili gani. Mtoto anayenyoosha kidole kwenye ndizi kwa kuwa anaitaka amefanya jambo moja. Mtoto anayenyoosha kidole juu kuonyesha kunguru, kisha akamgeukia mama yake kuona kama naye amemwona, amefanya jambo jengine kubwa zaidi, ambalo mtoto mwenye usonji huchelewa nalo au halifanyi. Wanauliza kama alikuwa na maneno kisha yakampotea. Wanauliza anacheza nini, na nani, na kinatokea nini njia ya kwenda dukani ikibadilishwa.

Nani atakayeyajibu maswali haya? Katika majumba yetu anayempeleka mtoto hospitali si lazima awe ndiye anayemjua. Baba hutoa nauli na kwenda naye kwa kuwa ndiye mwanamme. Bibi au shangazi aliyelala naye miaka mitano hubakia nyumbani anaanika karafuu. Kwa hiyo daktari hupata majibu mafupi, na majibu mafupi hutoa majina ya haraka. Tungependa wahudumu wetu wawe na ada ya kuuliza mapema kabisa: nani anamlea? Naye ndiye aitwe, hata kama ni kwa siku ya pili.

Kisha hufuata kumtazama mtoto mwenyewe. Kipimo kimojawapo mashuhuri cha Ulaya na Marekani humtaka mtoto amchezee mwanasesere sherehe ya siku ya kuzaliwa, na keki na mishumaa yake. Sisi hatuna ugomvi na keki. Lakini mtoto wa Mtambwe au Kojani ambaye hajapata kuona mshumaa ukichomekwa kwenye keki atakaa kimya, na kimya chake hakitakuwa na maana ya usonji. Mpe vifuu, mchanga na kijiti, aambiwe apike. Hapo ndipo utaona kama anajua kujifanya, kama atakupakulia nawe, kama atacheka ukijifanya umeungua ulimi.

Jambo la macho nalo lina mtego wake. Vitabu vinasema mtoto mwenye usonji hatazami watu machoni. Sisi tumelelewa, na tumelea, kwamba mtoto mwenye adabu huinamisha macho mbele ya mkubwa. Tulipokuwa chuoni hakuna aliyemkodolea mwalimu macho akasalimika. Mtaalamu aliyetoka mbali akikuta mtoto wa Pemba ameinamisha kichwa huweza kuandika alama isiyokuwapo. Linalofaa kutazamwa ni je, mtoto huyo huyo humwibia mama yake jicho akiogopa? Humtazama mwenzake wakishirikiana utundu? Aibu ina njia za kuchungulia. Usonji hauchungulii kwa namna hiyo.

Kinyume chake pia chatokea, yaani desturi yetu kuificha alama iliyopo. Wakati wa msimu kila mtoto wa kisiwa hiki hukaa jamvini akachambua karafuu na makonyo, na mtoto anayekaa saa nne bila ya kuinua kichwa akipanga makonyo mstari mmoja ulionyooka husifiwa kwa bidii yake. Hakuna anayeshangaa mpaka siku mtu atakapoupitia mstari ule kwa mguu, na mtoto akalia hadi magharibi. Wasichana hupitiwa zaidi, kwa sababu ukimya kwao huhesabiwa tabia njema.

Hapa twataka kusema neno juu ya vyuo vyetu vya Kurani. Mwalimu wa chuo huwa na mtoto kila siku, katika kundi la wenzake, kwa miaka. Yeye huweza kuona mapema kuliko daktari kwamba fulani ameihifadhi sura nzima kwa kusikia mara chache, kwa sauti ile ile na pumzi ile ile ya mwalimu, na hali huyo huyo akipewa salamu hajibu, na akiulizwa jina la baba yake huirudia aya. Mwalimu mwengine humwita mtoto huyo walii, mwengine humwita mkaidi na kumchapa. Vyote viwili havimsaidii. Jopo lolote litakalofanya kazi Pemba bila ya kumwuliza mwalimu wa chuo na mwalimu wa skuli litakuwa limeacha nusu ya ushahidi mlangoni.

Mwisho wa yote hayo watu hawa hukaa pamoja, na kikao chao ndicho kinachofanya utambuzi. Kila mmoja huweka alichokiona. Karatasi za vipimo zina alama, na alama zina mpaka: chini ya hapa siyo, juu ya hapa huenda ikawa. Lakini alama haziamui. Mtoto huweza kuvuka mpaka kwa sababu aliamka na homa, au kwa sababu ni mwoga, na mwengine akabaki chini ya mpaka kwa sababu alikuwa na mtu mzima mpole aliyemrahisishia kila jambo. Daktari huweza kusema ndiyo na mtaalamu wa lugha akasema hapana, kwani yeye alimwona mtoto akibadilishana zamu ya mchezo vizuri kabisa. Wakibishana namna hiyo kazi inakwenda inavyotakiwa. Hurudi kwenye maswali ya msingi: je, dalili zilikuwapo tangu udogoni, zipo nyumbani na skuli pia, zinamzuilia maisha yake, na je, hakuna jambo jengine linaloyaeleza haya vizuri zaidi? Wakishindwa kukata, husema "bado", wakaandika tarehe ya kumtazama tena. Neno "bado" likiandikwa kwa ukweli lina thamani kuliko jina lililoandikwa kwa haraka, madhali mtoto hakatazwi msaada wakati wa kungoja. Kufundishwa kusema, kuonyeshwa picha za ratiba ya siku, kupangiwa mahali patulivu darasani: hayo hayangoji muhuri.

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya ng'ambo tu. Mwaka 2006 ulichapishwa uchunguzi wa watoto 20 wa Tanzania, ambao 14 kati yao walitimiza masharti ya usonji yanayotumiwa na watafiti. Watatu kati ya hao walikuwa wamekua vizuri kwanza, na hali ikaanza walipopona malaria kali. Wanne wengine nao waliugua maradhi makali karibu na wakati huo, lakini waandishi wenyewe wakatahadharisha kwamba umri ule ndio ambao usonji hujitokeza hata bila ya maradhi. Saba hawakuwa na uhusiano na malaria. Tunautaja uchunguzi huu kwa sababu unafundisha subira: jambo kuja baada ya jambo si dalili kwamba limeletwa nalo. Mwaka 2014 wataalamu wa Muhimbili pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Brown cha Marekani walieleza namna ya kuwapima watoto wa Tanzania kwa kuegemea zaidi kuwatazama.

Ndugu zetu wa pwani ya Kenya nao walihojiwa, wazazi na wataalamu, katika utafiti wa Kilifi na Mombasa uliochapishwa 2015. Walitaja pepo, uchawi na laana, na papo hapo walitaja maambukizo, matatizo ya uzazi na kurithi. Nani kati yetu atasema Pemba ni tofauti? Mzazi wa hapa humpeleka mtoto kwa mganga, humnywesha kombe, kisha humpeleka hospitali, pengine katika wiki moja. Hatutaki kumtukana mtu kwa kumwombea mwanawe dua. Dua ni haki yake. Tunachokipinga ni kumfukizia mtoto hata akakosa pumzi, kumfunga kamba, na kuuza ng'ombe wa familia kwa ahadi ya kumtoa shetani ambaye hayumo. Tunapinga pia uvumi kwamba chanjo ndiyo iletayo usonji. Makala ya 1998 iliyoueneza uvumi huo Uingereza ilifutwa na jarida lililoichapisha mwaka 2010. Mama anayemnyima mwanawe chanjo ya surua kwa hofu hiyo hamkingi na usonji, bali humwacha wazi kwa surua.

Sasa tuwaelekee wahusika. Serikali ya Mapinduzi ilitangaza elimu bila ya malipo Septemba 1964, na elimu mjumuisho imekuwa ikienezwa katika skuli zetu tangu miaka ya 2000. Mtoto wa karatasi tatu ana haki katika yote hayo. Lakini mara nyingi mzazi wa Pemba huambiwa avuke bahari, Unguja au Dar es Salaam, akatafute jibu. Nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, malazi kwa jamaa, siku za kazi zilizopotea, na mtoto anayeogopa kelele kufungiwa ndani ya meli yenye umati: mzazi huenda mara ya kwanza, mara ya pili haendi. Na tumekwisha kueleza kwamba kazi hii haimaliziki kwa mara moja.

Kwa hiyo tunapendekeza jopo lije kwa mtoto. Hatuombi jengo, maana tumekwisha kuona majengo yakizinduliwa kwa ngoma na kufungwa kwa kufuli. Tunaomba siku maalum, kila baada ya miezi mitatu, ambapo wataalamu kutoka Unguja watakaa Wete siku mbili au tatu pamoja na daktari na wauguzi wa hapa, ofisa wa ustawi wa jamii na mwalimu wa elimu mjumuisho. Watoto wawe wamekwisha kupimwa masikio kabla ya siku hiyo. Wauguzi wa kliniki za watoto wafundishwe maswali machache ya kuuliza mtoto anapofikia mwaka mmoja na nusu, siku ile ile anapopandishwa kwenye mizani: je, anaonyesha kwa kidole, anageuka akiitwa, anaiga anachokiona? Yapo maswali ya namna hiyo yasiyozidi 20, na hayahitaji chombo chochote. Anayetiliwa shaka apewe tarehe ya jopo, wala asipewe jina. Masheha nao wapite majumbani kuwaambia wazazi kwamba kumtoa mtoto nje si kumfedhehesha. Vipimo visemwe kwa Kiswahili kinachosemwa Gando na Kojani. Mtoto akiulizwa kwa maneno asiyoyasikia kwao, tutakuwa tumempima mfasiri.

Na pale jopo linapofikia uamuzi, mzazi aelezwe kwa kituo, akiwa amekaa, kwa lugha yake, aulizwe amefahamu nini, na aandikiwe si jina tu bali mambo ambayo mtoto anayaweza, mambo yanayomtia shida, na nani atamsaidia kuanzia wiki ijayo. Karatasi ya tatu ya bibi yetu ina neno moja na sahihi moja. Haisemi kwamba kijana huyu anaijua kila mashua ya gati ya Wete kwa mlio wa mashine yake kabla haijatokeza, jambo ambalo bibi mwenyewe alitueleza akiwa amekwisha simama kuondoka, na ambalo hakuna aliyewahi kumwuliza.

Tumemwomba azihifadhi karatasi zote tatu, asichane hata moja. Watakaomtazama kijana huyu kwa pamoja watahitaji kuzisoma.